Gunia la Mchele kwa Mzee Gunzi

Tangu nirudi sijaziba pancha hata moja kwa amani. Mtu analeta baiskeli, anaketi juu ya debe, na kabla sijaitoa tyubu ananiuliza, "Ati ulimwona? Ati ni kweli alikuwa amekufa?" Nimesimulia mpaka mate yamekauka, na kila anayesikia anaongeza chumvi yake. Nasikia huko Kutus sasa wanasema mimi ndiye niliyemfufua. Basi nimeamua kuandika mwenyewe, hatua kwa hatua, ili anayetaka kujua asome na aniache nishike spana.

Mnajua mimi si mtu wa safari. Tumbo langu huanza kunguruma kabla ya injini. Lakini mnajua pia kwamba redio ya kijiji iko kwenye kibanda changu, na kwamba kila Jumapili jioni nusu ya watu wa hapa hujaa mlangoni kumsikiliza Mzee Gunzi, yule bahili wa mchezo wa redio anayegombana na punda wake na ambaye hajawahi kumpa mgeni hata maji ya kunywa. Kabla ya kila neno la kuchekesha alikuwa akisafisha koo, kwa kirefu, kama trekta inayokataa kuwaka. Tulianza kucheka hapo hapo kwenye koo, kabla hajasema lolote. Watoto wa kijiji kizima walikuwa wakimwiga.

Kisha Jumapili moja mtangazaji akasema Mzee Gunzi ameacha kazi kwa muda, ana ugonjwa mbaya wa koo, yuko nyumbani kwake upande wa Tetu, na wasikilizaji wamwombee. Nilizima redio na hakuna aliyeniambia niiwashe. Kumbe kile tulichokiona ufundi kilikuwa ugonjwa uliokuwa ukimla polepole. Watoto waliacha kumwiga siku ile, bila kukatazwa na mtu.

Mama Njoki, jirani yangu mjane, ndiye aliyesema ni lazima mtu aende. Tukakubaliana kila nyumba ilete bakuli moja la mchele, na anayemimina ndani ya gunia aseme neno lake kwa Mzee Gunzi, nami nilibebe mpaka Tetu. Kwa nini mimi? Kwa sababu redio ni yangu, wakasema. Bwana shamba wa skimu yetu ya mpunga hapa Mwea, ambaye ni mzaliwa wa huko, alinielekeza nyumba: ukipita soko, kwenye mteremko wa majani chai, mabati ya kijani.

Kutoka nyumbani hadi Kutus

Mke wangu Wairimu alilifunga gunia kwenye keria kwa vipande vya tyubu, akalivuta mpaka baiskeli ikalia. Nilitoka wakati ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya mpunga, na shida yangu ya kwanza haikuwa mzigo. Ilikuwa yale maneno. Kila nikikanyaga pedali nilikuwa nikiyarudia: Cucu Wangari, yule bibi mzee kuliko sote, anasema punda wake anamngoja. Wairimu anasema anywe asali, aachane na peremende za dukani. Mwalimu Wekesa, aliyetoka Bungoma kuja kutufundishia watoto, anasema hata nyumbani kwao mama yake humsikiliza. Nyumba zilikuwa nyingi, na kila mara nikifika kwenye daraja la mfereji nilikuwa nimepoteza neno moja, inabidi nianze upya.

Neno la Mama Njoki sikuhitaji kulirudia. Alimimina mchele wake wa mwisho kabisa, watu walipokwisha kuondoka, akasema: "Mwambie nilicheka. Juma lile nilipomzika Baba Njoki, nilikaa hapa kwako nikacheka, na watu wakaniangalia vibaya. Kesho yake ndiyo niliamka nikaenda shambani. Mwambie hivyo tu."

Kutus niliiacha baiskeli kwa fundi mwenzangu, nikanywa chai na mandazi mawili. Utingo wa basi alilitazama gunia akauliza ni la nani. Nikamwambia ni la Mzee Gunzi wa redio, kutoka kijijini kwetu. Kijana alikuwa akirusha mizigo ya watu juu ya basi kama kuni. Langu alilipandisha polepole, akalilaza, akalifunika kwa turubai. Nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Kutus hadi Karatina, kupitia kwenye tope

Baada ya Kerugoya tukakuta polisi wamefunga njia. Sote tunajua mchele wa skimu ukitoka nje lazima uulizwe maswali, na mimi nilikuwa nimeanza kutoka jasho tangu nilipoiona ile miti imelazwa barabarani. Afande alipanda juu, akashuka, akaniita.

"Hii mchele inaenda wapi?"

"Tetu, afande. Kwa Mzee Gunzi wa redio. Kijiji chetu kimechanga, kila nyumba."

Alivua kofia. Mimi sijawahi kuona polisi akivua kofia kwa sababu yangu. Akasema, "Basi enda, ndugu. Mungu awape nguvu." Akaondoa miti kwa mikono yake mwenyewe.

Basi lilipoondoka, akina mama wa viti vya nyuma wakaanza wimbo wa kanisani, kwa sauti ya chini. Nilimshukuru Mungu kwa kunipandisha kwenye basi la watu wa dini, maana wengine hupigiwa kelele za kuku njia nzima.

Dini haikutusaidia mteremkoni. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza ile barabara nyekundu kuwa uji, na basi likateleza ubavu, likakaa kwenye mfereji. Tulishuka wanaume tukasukuma, tukapakwa tope mpaka nyusi. Ikaja pikapu iliyoelekea Karatina, ikachukua waliokuwa na haraka, akiwemo bwana mmoja mwenye koti refu aliyekuwa ameketi mbele yangu. Nililiombea lile gunia nafasi, dereva akakataa. Wakaondoka, sisi tukabaki.

Hapo ndipo wasiwasi uliponishika barabara. Mgonjwa wa koo anaweza kungoja mpaka lini? Nilizunguka lile basi, nikapiga teke matairi yake kana kwamba ni baiskeli ya mteja. Mama mmoja aliyekuwa akiimba akafungua kiondo chake, akanipa kiazi kitamu cha kuchemsha. "Kula, Baba," aliniambia. "Leo utahitaji nguvu." Akanipapasa bega. Nilistaajabu jinsi watu wa mteremko ule walivyo na huruma kwa abiria aliyechelewa tu. Tulingoja mpaka trekta ya kiwanda cha kahawa ikaja kutuvuta, na jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Karatina

Nililiweka gunia kando ya mlango wa hoteli karibu na stesheni, nikaagiza chapati na maharagwe. Garimoshi lilikuwa limechelewa, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kula na wa kuogopa. Meza ya jirani walikuwa wakizungumza juu ya Mzee Gunzi. Nikafurahi, nikasogeza kiti. Mhudumu akaniwekea sahani huku akitikisa kichwa.

"Kwani hujasikia? Mzee Gunzi ameenda," akasema. "Watu ya Mwea wameshaanza kupeleka mchele ya matanga."

Nikamuuliza amesikia wapi. Akasema kuna watu wameingia na pikapu, wameona kwa macho yao.

Sikumbuki kama nililipa. Nakumbuka nimesimama nje, nimeshika mdomo wa gunia kama mtu anayezuia lisidondoke. Nilikuwa nimechelewa. Mfereji mmoja na tope kidogo, nikachelewa. Na nitawaambia ukweli mnicheke: katikati ya uchungu ule nilisikia pia wivu. Watu gani wa Mwea? Kijiji gani kilichotutangulia, na wao hata redio yao haishiki vizuri?

Nilifikiria kurudi. Basi la kurudi lilikuwa pale pale, linaunguruma. Lakini ningelimwaga vipi gunia lile, nimrudishie kila mtu bakuli lake, nimrudishie na neno lake? Nikaona afadhali uwe mchele wa matanga kweli, ufike kwake. Nikaburuta gunia mpaka stesheni.

Kwa garimoshi hadi Kiganjo

Garimoshi lile lilitambaa. Lilisimama mahali ambapo hapakuwa na stesheni wala nyumba, likapumua, likakumbuka safari, likaendelea. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu asubuhi. Mama mmoja muuza vitunguu aliyeketi kando yangu aliniuliza kama nimefiwa, nami nikajibu ndiyo, nimefiwa. Ndiyo mara ya kwanza nilipolia. Nilimlilia mtu ambaye sijawahi kumwona uso, sikujua hata jina alilopewa na mama yake, na yule mama wala hakuniona mjinga. Alipasua kitunguu kimoja akanipa nusu, akaniambia nikiulizwa niseme ni kitunguu.

Kilichonitesa ni yale maneno. Yote yalikuwa ya mtu aliye hai. Unamwambiaje marehemu anywe asali? Nilijaribu kuyageuza yafae kusemwa kaburini. Nikasema nitamwambia mkewe kwamba punda alikuwa akimngoja. Nikasema nitamwambia tulikuwa tumetaka apone. Nilipofika kwenye neno la Mama Njoki nikakwama. Mjane amemtumia mtu shukrani kwa kumwinua kutoka kwenye msiba, nami nakwenda kulitamka neno hilo mbele ya mjane mwingine.

Kiganjo hadi Tetu

Kiganjo walikuwa wanajua tayari. Wachukuzi wawili walipoona gunia hawakuuliza chochote, walilibeba mpaka kwenye lori lililokuwa likirudisha madebe matupu ya maziwa Tetu. Dereva alinikalisha mbele. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kila tulipompita mtu aliyejitwika mzigo alipunguza mwendo na kuniambia, "Hao pia wanaenda huko." Niliona mama amebeba kuni. Nikaona wengine na madebe ya maji, na wazee wawili waliovaa makoti ya Jumapili ilhali haikuwa Jumapili. Tulipita katikati ya mji wa Nyeri, ambao nilikuwa nimetamani kuuona tangu utotoni, na sikuona hata duka moja.

Sokoni lori likaniacha. Vijana wakalichukua gunia mabegani, mimi nikifuata nyuma, na kundi likizidi kukua. Manyunyu yalianza. Mabati ya kijani yalipotokea kati ya majani chai, akina mama wakaanza kuimba, safari hii kwa sauti ya juu.

Mabati ya kijani

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama barazani, mwiko mkononi, aproni imefungwa vizuri, na uso wake haukuwa wa msiba. Ulikuwa wa hasira. Mbele yake uani palikuwa na rundo la kuni, madebe ya maji, na watu wengi waliokuwa wakitazama chini.

"Nauliza tena," alisema. "Nani amewaambia mume wangu, Baba Gathoni, amekufa?"

Mzee mmoja akasema wameambiwa na watu wa sokoni. Wa sokoni wakasema habari ilitoka Kiganjo. Kijana mmoja akasema Kiganjo walisikia kutoka kwa dereva wa gari lililotoka Karatina, na Karatina walisikia kutoka kwa watu wa pikapu.

"Na watu wa pikapu nani aliwaambia?"

Bwana mwenye koti refu alikuwa pale. Yule yule wa kwenye basi, amefika kabla yangu na mkate chini ya kwapa. Alinyoosha kidole, polepole, akanielekezea mimi. Kisha akalielekezea gunia.

"Ni huyu," akasema. "Kijiji mzima imechanga mchele, gunia imefungwa, inaletwa kwa nyumba. Hiyo ni nini kama si matanga?"

Ndugu zangu, hapo nilielewa kila kitu kwa mara moja, kofia ya afande, wimbo wa basi, kiazi cha yule mama, na wale watu wa Mwea walionitangulia. Sisi wa skimu tunakula wali siku yoyote, hata Jumanne. Hatukukumbuka kwamba huko juu mgonjwa hupelekewa uji kwenye kibuyu, maziwa, ndizi mbivu, kitu cha kumeza sasa hivi. Chakula kibichi cha kuchangwa kwa gunia kinapelekwa mahali pawili tu, harusini na matangani, na Mzee Gunzi hakuwa anaoa. Mimi ndiye niliyemuua, tangu Kutus, kwa keria ya baiskeli.

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na gunia. Nikafungua mdomo kuomba radhi, na kabla sijasema lolote, dirisha lililokuwa nyuma ya yule mama likatoa sauti. Mtu alikuwa anasafisha koo, kwa kirefu, kama trekta inayokataa kuwaka.

Ua mzima uligeukia dirisha. Kisha Mama Gathoni, na mwiko wake mkononi, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika nguzo, na watu wakaachia kuni zao wakacheka naye, na mimi nililia kwa mara ya pili, safari hii bila kitunguu.

Salamu

Alikuwa mtu mdogo. Nilikuwa nimemfikiria mnene, sijui kwa nini. Alikuwa amelala ameegemea mito, kitambaa shingoni, macho makubwa usoni kuliko kitu kingine chochote. Sauti ile haikuwepo tena. Alinong'ona, na kila neno lilimgharimu, unaliona likipita. Niliogopa kuliko nilivyoogopa njiani kote, kwa sababu sasa niliona kwamba wale watu uani hawakuwa wamekosea mbali sana.

Nikamsalimia, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaanza. Na yale maneno yote niliyoyapoteza kwenye daraja la mfereji yalikuja kwa mpangilio, nyumba kwa nyumba. La punda lilimfanya afunge macho na kutabasamu. La asali, Mama Gathoni alisema hata yeye amemwambia. Aliposikia la Mama Njoki alinishika mkono.

"Rudia hiyo," akanong'ona.

Nikarudia. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto ndani ya wangu. Kisha akamwita mkewe kwa kidole, naye akainama kusikiliza, na nilimwona yule mama akijifuta macho kwa aproni huku akicheka.

"Anasema mpike," Mama Gathoni alitangaza mlangoni. "Kuni iko, maji iko, mchele iko. Anasema watu wamekuja matanga yake, wasirudi wakisema Gunzi alikuwa mchoyo mpaka siku ya kufa."

Basi tukapika. Manyunyu yaliacha, sufuria zikaazimwa kwa majirani, na bahili wa taifa zima akalisha kijiji chake. Yeye alipondewa wali ukawa laini kama uji, Mama Gathoni akamlisha kwa kijiko. Alimeza vijiko vichache, kwa shida, sote tukimtazama shingo na kujifanya hatutazami. Kisha akanong'ona kwamba ameshakwenda matanga mengi, lakini haya yamekosa chumvi.

Kurudi

Njia ya kurudi sina la kusimulia, ilikuwa kavu na hakuna aliyenivulia kofia. Ila gunia. Hakuna nyumba ya huko itakayokuachia chombo kirudi kitupu, na asubuhi nilipoamka Mama Gathoni alikuwa ameshalijaza viazi vya mbegu, vyenye macho yaliyoanza kuchipua. Kila nyumba imepata chake, mnajua, na Cucu Wangari amevipika, akisema yeye hana muda wa kungoja vikue.

Nilipoingia kuaga, Mzee Gunzi alilitazama lile gunia mabegani mwangu. Akaniashiria nisogee mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake.

"Gunia ni yangu," akasema. "Mavuno ikifika, irudi imejaa. Na safari hii mpite mkiimba nyimbo za harusi."

Mnaponiuliza kama atapona, sijui. Nimewaambia nilichokiona, na nilichokiona kilinitisha. Jumapili iliyopita mchezo ulikuwepo bila yeye, punda akilia peke yake, nasi tukakaa hapa mlangoni mpaka mwisho, hakuna aliyeondoka. Gunia nimeliosha, nikalishona pale lilipochanika, nikalitundika kwenye msumari ule ule wa redio. Leo asubuhi Mama Njoki amepita kunionyesha suke moja kutoka shambani kwake. Punje zimeanza kujaa. Tukalitazama gunia sote wawili, kisha akaenda kufukuza ndege.